Msasa wa Kimyakimya

Watu wakipata meno ya bandia humshukuru daktari. Wamshukuru tu, si vibaya, maana ndiye aliyewachungulia mdomoni. Lakini meno yenyewe huwa yametengenezwa chumba cha nyuma, ambako mgonjwa hafiki, na walioyatengeneza ni watu wa aproni zilizochakaa, wenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nataka kumsimulia mmoja wao. Wenzake walimwita Bi Msasa, nami sitamwita vinginevyo, kwa kuwa jina hilo alilitolea jasho.

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza tatu. Ya kwanza, karibu na mlango, ilikuwa ya bwana mmoja mwenye maneno mengi waliyemwita Plasta. Yeye alipokea alama za ufizi zilizotoka kwa daktari, akamimina plasta, akatoa ufizi mgumu unaogonga meza ukiwekwa. Meza ya pili, chini ya dirisha, ilikuwa ya Mzee Nta. Huyo alipanga meno mojamoja kwenye nta ya pinki, polepole, ulimi umejitokeza pembeni ya mdomo, mpaka nta ikaanza kuonekana ina tabia. Ya tatu, pembeni kabisa, penye mota ya kung'arishia, ilikuwa ya Bi Msasa. Meno yakishapikwa na nafasi ya nta kushikwa na kitu kigumu, yeye ndiye aliyeyakwangua, akayapiga msasa, akayang'arisha, akayapima kwa mara ya mwisho na kuyafungia kwenye kijisanduku chenye namba ya mgonjwa. Kazi ikitoka mkononi kwake imetoka. Hakuna mwingine wa kuiangalia.

Kuna kifaa kimoja lazima nikieleze, maana bila hicho habari hii haipo. Mafundi hao walikiita taya. Ni la shaba, lina bamba la chini na bamba la juu, nyuma limeunganishwa kwa bawaba mbili, nalo hufunguka na kufunga kama mdomo. Ufizi wa plasta hufungwa humo, na fundi akalijua jino litakavyokutana na mwenzake kabla mwenye mdomo hajaliona. Mzee Nta alikuwa na lake, Bi Msasa lake. Yalinunuliwa siku moja, ni mapacha, kazi iliyofungwa kwenye moja inahamia kwenye jingine bila taabu. Plasta alipenda kuyachukua yote mawili na kuyasemesha, moja mke na jingine mume, na katika mabishano hayo mume hakuwahi kushinda hata siku moja.

Bi Msasa hakuingia chumba kile kama fundi. Aliingia na ufagio. Alikuwa akifagia vumbi la plasta, na kila akifika chini ya dirisha ufagio ulipunguza mwendo. Mzee Nta akaona. Siku moja akamwambia, "Mama, ukitaka kuangalia, kaa uangalie. Ufagio hautakimbia." Hivyo ndivyo alivyoanza. Yule mzee alimfundisha kushika kisu cha nta, kutambua jino la juu na la chini kwa kulipapasa, kung'arisha bila kuunguza. Alimfundisha bila kumtukana hata mara moja, jambo ambalo sisi tuliowahi kufundishwa kazi na mafundi tunajua ni muujiza. Bi Msasa alimpenda kama baba. Kila asubuhi, "Shikamoo, Mzee," na kila asubuhi, "Marahaba, mama. Umeamkaje?" na swali lile liliulizwa ili lijibiwe.

Sasa sikiliza alichokifanya mtu huyu aliyempenda mwalimu wake.

Siku moja, akipima seti ya meno kwenye taya lake, aliweka ile karatasi nyembamba ya buluu katikati, akafunga, akafungua. Karatasi hiyo huacha doa kila jino linapogonga jino. Madoa yakiwa sawa, kazi ni nzuri. Siku hiyo madoa ya upande wa kushoto, nyuma kabisa, yalikuwa meusi kuliko mengine. Meno aliyoyapanga Mzee Nta yalikuwa yamekaa juu. Si sana, unene wa unywele. Lakini unywele ukiwa katikati ya magego ni jiwe: mwenye mdomo angetafuna upande mmoja, taya lingemuuma, na kabla ya mwezi kwisha angekuwa amerudi kwa daktari na mdomo wake na hasira zake.

Bi Msasa aligeuka kumtazama mzee. Alimwona ameinamia nta yake, mvi zake zimejaa jua la dirishani. Akasema moyoni, ni bahati mbaya tu ya leo. Akachukua kijiwe cha kusagia, akapunguza, akang'arisha, akafunga sanduku.

Kesho yake ikawa vilevile. Na kesho kutwa. Kushoto, nyuma, unene wa unywele. Ndipo akajua, au alidhani amejua: mzee wake amekula chumvi nyingi, macho yameanza kumtupa. Akaingiwa na uchungu, akaapa kwamba madhali yeye yupo kwenye meza ya tatu, hakuna mtu atakayejua. Na hakuna aliyejua. Kwa miaka sita, kila seti iliyotoka kwa Mzee Nta ilipita kwa Bi Msasa ikapunguzwa kushoto kimyakimya, wakati mota inaunguruma na Plasta anapiga soga. Malalamiko hayakuja. Sifa za Mzee Nta zikazidi. Wagonjwa walimtumia salamu na matunda.

Nawe ukiniuliza mimi, nitakwambia kwamba katika miaka hiyo sita hakukuwa na mfanyakazi aliyesifiwa kwa tabia njema kumshinda Bi Msasa. Daktari, mama mmoja mkarimu aliyependa vikao, aliwahi kumleta mtaalamu wa mahusiano kazini. Bwana yule alikuja na suti, akawapanga kwenye viti vya wagonjwa, akawaandikia ubaoni maana ya heshima na mawasiliano mema. Mwisho wakapiga kura ya mwenzao anayeheshimu wengine kuliko wote. Kura zote za wenzake akapata Bi Msasa, isipokuwa moja ya Plasta, aliyejipigia mwenyewe. Akapewa cheti. Mzee Nta alisimama akampigia makofi kwa muda mrefu kuliko wote, na Bi Msasa akatazama viatu vyake.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mzee astaafu, kama Daktari asingefungua kliniki ya pili. Siku moja alimwita Bi Msasa ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwamba kliniki mpya inahitaji mkuu wa chumba cha nyuma, na mkuu huyo ni yeye.

"Mimi, Daktari?"

"Wewe. Nani mwingine? Plasta ataniangushia jengo."

Kliniki ile mpya ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwake. Angekuwa na meza yake mwenyewe chini ya dirisha, na mafundi wawili wa kuwaongoza. Tangu alipoweka ufagio chini hakuna kitu alichokitaka kama hicho, na alikuwa akikitaka kwa siri, kama mtu anayetamani nyama na yuko kwenye dozi. Akafungua mdomo kusema ndiyo. Ndipo, kwa macho ya moyo, akaziona seti za Mzee Nta zikitoka mlangoni bila kupunguzwa, moja baada ya nyingine.

"Nipe nifikiri kidogo, Daktari," akasema.

Daktari alishangaa. "Fikiri. Lakini Ijumaa nataka jibu. Ukikataa nitatangaza nafasi nje."

Nyumbani mumewe, fundi bomba, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akisugua mafuta mikononi. Aliposikia habari akaruka juu, akaanza kupanga watakavyokula chakula cha mchana pamoja kila siku. Kisha akasikia kuhusu Ijumaa.

"Unafikiri nini? Mimi nimeoa mwanamke ama nimeoa bunge?"

Bi Msasa akamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo lile, na alipolitamka likasikika baya kuliko lilivyokuwa moyoni. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, akaacha hata kusugua mikono.

"Kwa hiyo mzee wa watu hajui."

"Hajui."

"Miaka sita hajui kwamba kazi yake ina kasoro, na wewe unaijua, na mnakunywa chai pamoja."

"Nitamwambiaje, baba watoto? Yule ndiye aliyenishika mkono. Nimwambie, Mzee, umezeeka?"

"Mimi nikikuta bomba la fundi mwenzangu linavuja, namwita nikamwonyesha. Atakasirika. Atanitukania mpaka mabomba yangu. Lakini kesho halivuji." Akarudi kusugua mikono. "Usipokwenda huko kwingine kwa sababu hii, mke wangu, sitakusumbua. Lakini usiniambie unafanya kwa ajili yake."

Maneno haya ya mwisho yalimchoma, akaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Jumatatu akajaribu njia ya mzunguko. Alimwambia Mzee Nta, kwa sauti ya mtu anayezungumza hali ya hewa, kwamba siku hizi kuna miwani mizuri sana, nyepesi, huisikii hata puani. Mzee Nta akamtazama, akaokota pakiti ya nta, akaishika kwa urefu wa mkono wote, akaanza kumsomea zile herufi za chini kabisa, za ukubwa wa mayai ya chawa, mpaka na anwani ya kiwanda. "Mama," akasema, "miwani mpelekee Plasta. Jana amemimina plasta kwenye kikombe changu cha chai." Plasta akaapa kwamba kikombe ndicho kilichojileta. Wakacheka wote watatu, na Bi Msasa akarudi mezani kwake na siri yake vilevile.

Jumanne akainuka kwenda kwa Daktari. Alifikiri, nimwambie bosi, bosi ndiye amwambie. Alifika mpaka mlangoni, akashika kitasa. Kitasa kilikuwa cha baridi. Akajiona mwenyewe kutoka nyuma, mwanamke anayekwenda kumsema mwalimu wake kwa mkubwa bila mwenyewe kujua, akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Akageuza njia, akamwomba dada wa mapokezi kalamu ambayo hakuihitaji.

Jumatano saa nne, Plasta alipotoka kwenda kununua vitafunio, Bi Msasa akazima mota, akapiga moyo konde, akaenda kusimama mbele ya dirisha.

"Mzee, nina neno."

"Sema, mama."

"Magego yako ya kushoto yanakaa juu. Kidogo tu, unene wa unywele. Huwa nayapunguza."

Mzee Nta hakuinua kichwa. "Huwa unayapunguza."

"Ndiyo."

"Haya ya leo?"

"Ya leo. Na ya jana."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu mwezi uliopita. Uongo ule ulikuwa tayari, umeshapigwa pasi. "Mwaka huu ni wa sita, Mzee," akasema.

Mzee Nta akaweka kisu chini. Akafuta vidole kimoja baada ya kingine, vyote kumi, kwa kitambaa. "Ahsante kwa kuniambia," akasema, kwa sauti ile anayopewa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Kisha akageukia dirisha na kuendelea na kazi.

Alhamisi Bi Msasa akamwamkia, naye akaitikia, "Marahaba," basi, bila mama na bila umeamkaje. Plasta aliona hewa imekuwa nzito, akajaribu yale mataya yake ya mke na mume, hakuna aliyecheka, akayarudisha mahali pake kwa adabu. Bi Msasa alikuwa amempoteza. Hivyo ndivyo alivyojiambia: nafasi sijaipata bado, na baba nimeshampoteza.

Ijumaa aliwahi kufika, akamkuta Mzee Nta amewahi zaidi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake Bi Msasa, mbele ya mota, na mezani ameweka mataya yote mawili.

"Kaa," akasema. Bi Msasa akavuta kiti cha Plasta. "Hii ni seti ya jana, hujaigusa. Angalia."

Akaifunga kwenye taya lake mwenyewe, akaweka karatasi ya buluu, akafunga, akafungua. Madoa yakatoka sawasawa, kushoto na kulia, mazuri kama ya kwenye kitabu. Akaitoa, akaihamishia kwenye taya la Bi Msasa, akaweka karatasi mpya. Kushoto nyuma, meusi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Meno ni yaleyale. Mkono wangu ni uleule. Basi moja kati ya mataya haya linasema uongo."

Hapo Bi Msasa aliyatazama mataya yote mawili. Kwa miaka sita hakuwahi kufikiri jambo hilo. Kama taya la uongo ni lake yeye, basi hajawahi kuokoa kitu. Atakuwa amekaa kwenye kona yake na kijiwe chake, akiharibu kazi nzuri ya fundi mzuri, seti baada ya seti, huku akimwonea huruma.

Mzee Nta alichukua taya la Bi Msasa, akashika bamba la chini kwa mkono mmoja na la juu kwa mwingine, akajaribu kulitikisa. Halikucheza. Akalitikisa tena, akaliweka. Akachukua la kwake. Akatikisa.

Tik.

Akatikisa tena. Tik. Bawaba ya kushoto ilikuwa inacheza. Akaisukuma pini ya bawaba nje kwa ncha ya kisu, akaiweka kiganjani, wakaiinamia wote wawili. Upande mmoja ilikuwa imelika, imebaki bapa. Kila taya lile lilipofungwa, upande wa kushoto ulikuwa ukijiinua kidogo na kuonyesha nafasi ambayo haipo, na fundi, kwa uaminifu wake wote, alikuwa akiijaza.

"Pini," akasema Mzee Nta.

"Pini," akasema Bi Msasa, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Jumatano.

"Wewe ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni macho, Mzee."

"Macho!"

"Na mkono. Nilidhani ni umri."

Hapo mzee akakasirika kweli, na nafurahi kukueleza kwamba alikasirika kwa sauti. "Miaka sita unaniona kikongwe! Nakupangia meno, nakuchekesha, nakupa nusu ya andazi langu, na wewe unasema moyoni, masikini, amekwisha! Ungenijia siku ya kwanza ukaniambia Mzee, njoo uone, ningelitikisa hili taya, ningebadilisha pini, mambo yangeishia hapo. Hukuniuliza hata swali moja!"

"Nilikuheshimu, Mzee."

"Ulinihurumia! Mimi si mgonjwa wako, ni mwenzako wa kazi." Akapumua. Sauti ikashuka. "Unajua juzi na jana nilikuwa nafanya nini kichwani? Nilikuwa nawapitia wagonjwa. Yule bwana arusi aliyetaka meno kabla ya Jumamosi. Yule mama wa kwaya. Nikijiuliza ni yupi kati yao anatafuna upande mmoja na kunilaani."

"Hakuna hata mmoja, Mzee. Naapa. Hakuna aliyetoka hapa na jino lililokaa juu."

Mzee Nta aligeuza ile pini kiganjani kwa muda. "Basi sijui nikushukuru ama nikufokee."

"Kufoka umeshafoka," akasema Bi Msasa.

Mzee akamtazama. Pembe za mdomo zikaanza kumsaliti. Ndipo Plasta akaingia na mfuko wake wa vitafunio, akawaona wameinamia kiganja, macho ya Bi Msasa yamelowa, akavua kofia.

"Nani amekufa?"

"Pini," akajibu Mzee Nta, na cheko alilolipiga lilimleta dada wa mapokezi mbio kutoka mbele.

Kwa Daktari walikwenda wawili. Mzee Nta alianza kusema kabla hajaketi: taya langu lilikuwa bovu na sikulipima. Bi Msasa akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya: na mimi niliona na sikusema. Daktari aliwasikiliza, akauliza maswali mengi kuhusu wagonjwa, akaenda mwenyewe chumba cha nyuma kulitikisa taya. Akaamuru kila kifaa kipimwe kila Jumatatu asubuhi, mbele ya wote, na yeyote atakayeona kasoro kwenye kazi ya mwenzake amwambie mwenzake kwanza, siku hiyohiyo. Kisha akamgeukia Bi Msasa.

"Na leo ni Ijumaa."

"Mpeleke, Daktari," akasema Mzee Nta. "Mimi nina pini mpya."

"Nakwenda," akasema Bi Msasa, na neno lile dogo lilimjaza kifua chote. Jioni mumewe alisimulia habari hiyo kwa majirani wa pande zote mbili, akiwa ameongeza chumvi mahali pengi, na hakuna aliyemsahihisha.

Zilibaki wiki mbili kabla ya kuhama. Ziliwapendeza kuliko miaka mingi iliyopita. Asubuhi, kabla ya kufunga aproni, waliketi na vikombe vyao, kila mmoja akasema alichokiona kwenye kazi ya mwenzake. Siku ya tatu Mzee Nta akamwambia Bi Msasa kwamba kingo za nyuma anazipiga msasa mno, zinakuwa nyembamba, mtu akicheka sana meno yatamtoka. "Nimeliona jana, nakwambia leo," akasema. Bi Msasa akaitikia vizuri, kisha akanuna mpaka saa sita. Mchana akachukua seti, akaangalia kingo, akakuta ni kweli, akarekebisha. Plasta naye alitaka aambiwe makosa yake, wakamwambia, ikachukua asubuhi nzima.

Siku moja kabla ya mwisho, Bi Msasa alifunga seti ya Mzee Nta kwenye taya lake, akaweka karatasi ya buluu. Madoa yakatoka sawa, pande zote. Hakuna cha kupunguza. Mkono wake ulikuwa umeshaokota kijiwe cha kusagia kwa mazoea, ukabaki nacho hewani.

Alitarajia kufurahi, na alifurahi. Lakini chini ya furaha ile palikuwa na kitu kingine, mfano wa njaa, akakaa nacho kidogo mpaka akakitambua. Alipokitambua hakukipenda. Akazima mota, akaenda dirishani.

"Mzee, nina neno jingine."

"Leo upande gani?"

"Si meno. Ni mimi." Akameza mate. "Ile siri nilikuwa naipenda. Kila nilipokipitisha kijiwe nilijiambia, bila mimi huyu angekuwa wapi. Wewe ukisifiwa, mimi huku kwenye kona nanenepa. Nilisema ni kwa ajili yako, na kumbe nilikuwa najilisha mwenyewe."

Mzee Nta alibandika jino kwenye nta, akalisawazisha kwa kidole gumba. "Hilo nalijua," akasema. "Ndilo lililoniuma zile siku mbili. Niliketi nikafikiri, nikaliona. Pini nimekuja kuijua Ijumaa."

"Umelijua muda wote huu?"

"Muda wote."

"Mbona hukuniambia?"

Mzee Nta akakiweka kisu cha nta mezani taratibu, akafanya kama anavua miwani ambayo hakuwa ameivaa.

"Nilikuhurumia," akasema.

Bi Msasa alicheka mpaka akatafuta kiti, na Mzee Nta akamsogezea cha kwake.